Mkono wa Bawabu

Kwenye Kanisa la Mlima Pisga, kanisa la watu weusi katika mji wa baridi kando ya ziwa, mabawabu hawasemi kwa kinywa. Ibada ikishaanza, kinywa ni cha mchungaji na cha kwaya. Bawabu ana mikono yake tu, nayo imevishwa glovu nyeupe ili ionekane hata na mwenzake aliye nyuma kabisa. Vidole viwili begani maana yake nafasi mbili zipo mbele. Mkono nyuma ya mgongo: niko zamu, nimekuona. Kiganja kilichoinuliwa mbele ya kifua, vidole vikitazama juu: subiri hapo ulipo, watu wanaomba.

Hiyo ya mwisho ndiyo Mama Lorene Tubbs aliyoipenda kuliko zote, na ndiyo aliyoanza nayo kila alipofundisha watoto. "Siyo hapana hiyo," aliwaambia. "Wala siyo ndiyo. Ni subiri. Mtu hakatizi maombi ya mwenzie."

Alikuwa mkuu wa mabawabu tangu mumewe, Otis, yu hai. Otis alipozikwa, watu walidhani atapumzika kidogo. Jumapili iliyofuata walimkuta mlangoni, glovu zimepigwa pasi, beji imeng'arishwa. Shule hakwenda nayo mbali, lakini mlango ule aliujua kama mwingine ajuavyo kitabu. Aliwasoma watu kwa mwendo. Alijua nani amegombana na mkewe ndani ya gari, nani jana alikunywa, nani ana mimba ambayo hata mama yake hajaambiwa. Macho hayana pazia, wahenga walisema. Shoga yake Earline, bawabu wa mlango wa pembeni, aliongeza kwamba ya Lorene hayana hata kope.

Mwezi wa kumi na moja, Marquel, mtoto wa Renita Boykin, alipigwa risasi kwenye kituo cha mafuta, akafa. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliyempiga hakukamatwa. Kilichowatisha watu zaidi ni habari za kiangazi kilichopita, ng'ambo ya reli: watu wakitoka kanisani na jeneza, gari likapita, risasi zikamiminwa, mazishi ya mmoja yakazaa mazishi ya wengine. Sasa Marquel atazikwa Pisga, na kila mtu alikuwa akijiuliza neno moja bila kulitamka.

Jumatano, baada ya maombi ya jioni, Mchungaji Hollins aliwabakiza waumini. Mbele alisimama Afisa Pruitt wa polisi, mtu mweusi mwenye mabega mapana, mzaliwa wa mitaa hiyohiyo, kofia kwapani.

"Niwaambie ukweli," alisema. "Sheria hainiruhusu kumpapasa kila apitaye. Ni lazima niwe na sababu ninayoweza kuisema mbele ya jaji. 'Sikupenda sura yake' siyo sababu."

"Tungekuwa tumekwisha pekuliwa wote!" Earline alisema, watu wakacheka.

Afisa Pruitt naye akacheka kidogo. "Lakini ninyi mnawajua watu wenu, Mama. Bawabu akinionyesha mtu, na akaweza kusema ameona nini, hapo nina pa kuanzia."

Earline aliacha kucheka. "Afisa, mwanangu, marehemu baba yangu alisimamishwa barabarani na kupekuliwa mara nyingi hata akawa anawauliza polisi hali za watoto wao kwa majina. Leo unataka kidole kiwe changu?"

"Mtu mwema hana cha kuficha," alisema Shemasi Whitlow kutoka benchi la mbele. Alikuwa mzee wa suti nzito na sauti ya kushuka chini kama ngazi. "Mimi nipekueni hata leo."

"Wewe nani akupekue, shemasi? Utatutoza sadaka."

Watu walicheka tena. Ndipo Renita aliposimama. Hakuwa amevua koti tangu aingie. Kicheko kilikatika kama kamba.

"Sijui sheria," alisema. "Mimi najua Jumamosi namzika mwanangu. Naomba nimzike huyo mmoja tu. Nisirudi nyumbani nikaambiwa kuna mama mwingine."

Mikono ikainuka kuukubali mpango wa afisa. Hata Earline aliinua mkono wa kukubali, ingawa aliuinua mpaka usawa wa sikio tu.

Kwa hiyo Mama Lorene akatunga ishara mpya. Glovu ya kulia juu ya beji, kidogo tu, kama mtu anayejiweka sawa vazi. Alimwonyesha Afisa Pruitt, naye akasema, "Safi sana, Mama. Hakuna atakayejua." Alirudi nyumbani akiwa na fahari ambayo hakuiungama katika sala zake. Alidhani ni upendo wa kondoo wa Bwana. Huenda ulikuwemo na upendo, lakini fahari ilikuwa imekaa juu yake.

*

Nyumba mbili kutoka kwake aliishi Delvin Mayhew, mtu wa makamo, fundi wa magari. Ujanani alifungwa kwa kuuza unga, akatoka, akafungua gereji, akakaa kimya na kazi yake. Otis alipokufa, theluji ya kwanza ilipoanguka, Mama Lorene aliamka akakuta njia yake imekwisha kusafishwa mpaka barabarani. Akatoka na pai ya viazi vitamu kumshukuru. Delvin akaipokea pai, akakataa shukrani. "Nawe ulinifundisha kusimama wima, Mama Lorene," alisema. Maana utotoni, kabla ya unga na jela, Delvin alikuwa bawabu mdogo wa Pisga, na mwalimu wake alikuwa yeye.

Tangu hapo kila majira ya baridi ilikuwa hivyo. Lakini mwaka huu majani yalianguka yakaoza mlangoni kwa Mama Lorene, na Delvin hakuonekana na reki. Kanisani hakuja. Mapazia yake yalikaa yamefungwa mchana. Asubuhi gari dogo la kijivu lilisimama mlangoni kwake, mwanamke akashuka na mkoba, akaingia, akatoka baada ya muda mfupi, akaondoka. Kesho tena. Delvin mwenyewe, siku Mama Lorene alipomwona akichukua barua sandukuni, alikuwa amekonda, amejifunika jaketi lenye kofia, anatembea kama mwizi ndani ya nyumba yake.

Mama Lorene alisimama nyuma ya pazia lake, akajumlisha. Watu wanaingia na kutoka. Mkoba. Mtu amekonda. Aliyewahi kuonja atarudia. Alimwombea, tena kwa jina na kwa machozi. Kitu alichokuwa hajafanya ni kuvuka nyumba mbili na kugonga, amuulize, "Mwanangu, una nini?"

*

Jumamosi baridi ilikuwa ya kukata masikio. Watu walijipanga kwenye ngazi mpaka kando ya barabara, moshi wa pumzi juu yao. Ndani ya ukumbi mdogo wa mlangoni, kati ya milango ya nje na ya kanisani, Afisa Pruitt alisimama upande mmoja karibu na makoti yaliyotundikwa, pamoja na askari kijana aliyekuwa akitafuna ubani. Mama Lorene alisimama upande wa pili. Kila aliyeingia alimpa karatasi ya ibada na salamu, na kila aliyeingia alimpima.

Vijana marafiki wa Marquel waliingia na fulana zenye picha yake juu ya mashati. Aliwatazama viunoni. Hawakuwa na kitu ila vilio. Akawapitisha.

Shemasi Whitlow akaingia na koti lake la sufu. "Bwana asifiwe, Dada Tubbs."

"Amina, Shemasi."

Koti lilikuwa limeinamia upande mmoja, kama koti lililobeba jiwe. Aliona. Jicho lake likapumzika pale kwenye mfuko kitambo kidogo, halafu likaondoka lenyewe, kama anavyoondoka mtu akikuta mlango wa bafu uko wazi. Akampa karatasi.

Nyuma yake, baada ya watu kadhaa, akaingia Delvin.

Alikuwa amevaa jaketi lilelile, kofia kichwani, ndani yake suti nyeusi. Alikuja polepole, mwili umeinama mbele. Mkono wa kushoto aliubana ubavuni chini ya jaketi, akaubana kama mtu anayezuia kitu kisianguke. Hakumtazama mtu.

Bwana, umenionyesha, Mama Lorene alisema moyoni. Na mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe, glovu ikagusa beji.

"Bwana mkubwa, njoo huku kidogo," Afisa Pruitt alisema kwa upole. "Toa mkono humo ndani ya jaketi, taratibu."

Delvin alisimama. "Afisa, naomba tusifanyie hapa. Twende pembeni, tafadhali. Nina kitu hapa tumboni, ni..."

Hakumaliza. Neno "nina kitu" lilimtosha askari kijana. Alimrukia, akamgeuza, akambana uso kwenye ukuta kati ya makoti, mkono wake ukaingia chini ya jaketi na kukamata na kuvuta. Milango ya nje ilikuwa wazi. Watu wa kwenye ngazi waliona mtu amebanwa ukutani, wakarudi nyuma, mmoja akapiga kelele.

Askari aliutoa mkono wake akautazama. Hapakuwa na bastola. Harufu ilitangulia, kisha Mama Lorene akaona: mfuko laini wa plastiki, ule ambao hospitali huubandika tumboni kupokea choo cha mtu ambaye utumbo wake umekatwa. Ulikuwa umeng'oka upande mmoja. Shati jeupe la Delvin lilikuwa limeharibika mpaka kwenye mkanda.

"Mungu wangu," alisema Afisa Pruitt chini kabisa. "Samahani, kaka. Samahani sana." Akampiga askari kijana begani kwa nyuma ya mkono. "Mwache. Mwache, nimesema!"

Delvin aligeuka. Alikusanya jaketi lake kwa mikono miwili, akalifunga juu ya tumbo. Hakumtazama Pruitt, wala kijana. Alimtazama Mama Lorene, tena siyo usoni. Alitazama mkono wake. Na yeye ndipo alipotambua kwamba glovu bado ipo juu ya beji, mahali palepale alipoiweka.

"Hiyo hukutufundisha, Mama Lorene," Delvin alisema.

Akashuka ngazi kati ya watu waliompisha kwa upana zaidi ya ulivyohitajika, akaenda zake.

Tone moja lilikuwa limeanguka sakafuni. Watu walianza kusogea tena kwa sababu ya baridi. Mama Lorene alilitazama tone, akatazama watu, akapiga hatua moja akasimama juu yake. Akasimama hapo mpaka wa mwisho alipoingia. "Karibu. Karibu, mwanangu. Pole sana. Karibu." Karatasi moja baada ya nyingine, na kiatu chake cheupe juu ya aibu ya mtu, akiificha, huku akijua kwamba anaificha ya kwake.

*

Marquel alizikwa salama. Hakuna gari lililopita, hakuna risasi. Kwenye chumba cha chini ya kanisa watu walikula kuku wa kukaanga, mboga za majani na mkate wa mahindi, na joto likawarudishia midomo.

"Mama Lorene, mikono yako ibarikiwe! Tungekuwa wapi leo?"

"Nasikia alikuwa na unga. Kwenye mazishi, jamani! Watu hawana haya."

"Siyo unga, ni bastola. Binamu yangu alikuwa kwenye ngazi, kaona kwa macho yake."

"Delvin Mayhew huyo? Si nilisema mimi? Mbuni hata umkate mbawa atabaki mbuni. Magari yangu siyapeleki tena kwake."

Walimwekea sahani. Alikaa mbele yake akashindwa kuinua uma. Alikuwa na la kusema, tena fupi: hakuwa na kitu, ni mgonjwa. Lakini alipofungua kinywa aliona jinsi neno litakavyotoka na litakavyopita meza kwa meza. Mgonjwa wa nini? Mfuko gani? Wa choo? Watu wangemwosha Delvin uhalifu kwa kumpaka kinyesi. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na mwosha hasemi. Basi akanyamaza, na alipokuwa kimya, unga ulizidi kuwa unga na bastola ikazidi kuwa bastola.

Renita alikuja akaketi kando yake. Macho yalikuwa yamemvimba. "Mama Lorene, umemwona Delvin? Alikuwa abebe jeneza pamoja na wajomba. Yeye ndiye aliyemfundisha Marquel kazi ya magari. Ametoka kitandani kwa ajili hii. Upande mmoja ilibidi ashike mtu wa kampuni ya mazishi, mtu asiyemjua hata mwanangu jina."

"Hakuwa akijisikia vizuri," Mama Lorene alisema.

Ilikuwa kweli, na haikuwahi kutamkwa kweli yenye uongo mwingi namna ile. Renita aliitikia kwa kichwa, akamshika mkono. "Asante kwa kusimama mlangoni. Nilizika bila hofu kwa sababu yako."

Mkono wa Mama Lorene ulitaka kuchomoka kutoka mkononi mwa Renita.

Akainuka kwenda jikoni, na hapo karibu na birika la kahawa akamkuta Shemasi Whitlow na wazee wenzake. Shemasi alikuwa akicheka cheko lake la ngazi. "Wale polisi wanajisumbua tu," alikuwa akisema. "Mimi tangu yale mambo ya ng'ambo ya reli naja na ya kwangu. Angethubutu mtu!" Akapiga mfuko wa koti, kukatoka mlio mzito wa chuma kilicho ndani ya sufu. Akamwona Mama Lorene, akamkonyeza. "Usimwambie mchungaji, Dada Tubbs."

Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, na kumbe nguo yenyewe ilikuwa ya sufu tena imepigwa brashi. Mama Lorene alichukua koti lake, akatoka kwa mlango wa nyuma. Earline alimfuata mpaka kwenye ngazi. "We Lorene, unakwenda wapi na baridi hii?"

"Nyumba mbili kutoka kwangu," alijibu. "Nimechelewa tangu majani yalipoanguka."

*

Aligonga. Alikuwa amevua glovu, vidole vimekufa ganzi. Hakubeba pai. Njiani alikuwa amefikiria kupitia kwake achukue keki iliyokuwa kabatini, akaona atakuwa anataka kusamehewa kwa sukari.

Delvin alifungua mlango kiasi cha uso. Alikuwa amekoga, amevaa gauni la kulalia la kiume.

"Mama Lorene." Alitazama mikono yake mitupu. "Hati ya upekuzi unayo?"

"Sina, mwanangu."

"Basi simama hapohapo nje. Ndiyo haki yangu."

"Ndiyo haki yako."

Alisimama. Upepo ulikuja toka upande wa ziwa ukapita kati yao. Delvin akauliza, "Uliona nini?"

"Niliona mkono wako umebana ubavu."

"Na kabla ya mkono?"

Alitaka kusema hakukuwa na kabla. Lakini alikuwa ametoka kwenye nyumba ya Bwana kuja hapa. "Niliona jaketi. Niliona umekonda. Tangu mwezi wa tisa naona gari la kijivu na mwanamke mwenye mkoba. Nikasema amerudia unga."

"Yule ni nesi." Delvin alicheka, na cheko likamuumiza tumbo akalishika. "Saratani ya utumbo, Mama Lorene. Nesi anakuja kunisafisha kidonda. Umemwona kila siku akiingia, na hukuona kwamba amevaa viatu vya hospitali?"

"Niliviona."

"Ukavifanya nini?"

Aliviona, akaviweka pembeni, kwa sababu havikuingia kwenye hesabu aliyokwisha kuifunga.

"Niambie na lingine," Delvin alisema. "Mimi nilikuwa kwenye mstari. Shemasi Whitlow alikuwa mbele yangu, koti limelala upande. Mimi niliyeacha mambo hayo zamani nilijua mara moja mle ndani mna nini. Wewe hukuona?"

"Niliona."

"Ukampa karatasi."

"Nikampa karatasi."

Alipoyasema hayo kwa sauti, Mama Lorene aliona haya ikimpanda shingoni mpaka kwenye mizizi ya nywele, joto kabisa kwenye baridi ile, kama mtoto aliyejikojolea darasani. Angeweza kuvumilia kukosea. Watu hukosea. Lakini hakukosea kuona. Jicho lilikuwa zima, mkono ndio ulikuwa umechagua.

"Wanasema nini huko?" Delvin aliuliza.

"Kwamba umekutwa na unga. Wengine bastola." Akavuta pumzi. "Nataka kuwaambia ukweli, lakini siwezi bila kutaja... Nimekuja kuuliza. Nisiseme bila wewe."

Delvin alitazama juu ya kichwa chake, kwenye taa ya barabarani iliyoanza kuwaka.

"Gerejini wananijua kwa mikono yangu," alisema. "Hata Marquel hakujua habari za mfuko. Mama yake anajua naumwa tu. Tumbo langu ni langu. Mmekwisha lifungua mara moja leo, lisifunguliwe tena."

"Basi nitasemaje?"

"Sema habari za mkono wako. Za tumbo langu niachie mwenyewe."

Akafunga mlango, polepole, bila kuubamiza.

*

Kesho yake asubuhi Mchungaji Hollins alisimama kwenye matangazo akawashukuru mabawabu. Alisema polisi wako tayari kuendelea na mpango ule kila Jumapili, mpaka mtaa utulie. Watu wakapiga makofi. Wengi waligeuka nyuma kumtazama Mama Lorene mlangoni.

Alitoka mlangoni. Hilo peke yake lilitosha kunyamazisha kanisa, maana bawabu haachi lindo. Alikwenda njia ya katikati mpaka kwenye kipaza sauti, na mchungaji akampisha akidhani ni ushuhuda.

"Jana Delvin Mayhew hakukutwa na kitu," alisema. "Hakukuwa na unga wala bastola. Hakukuwa na kitu chochote ambacho sheria inakikataza, na Afisa Pruitt anajua hivyo. Aliyesema vingine amesema uongo."

"Sasa mbona walimbana?" mtu aliuliza kutoka katikati.

"Niliwaonyesha mimi. Kwa mkono huu." Aliuinua ili kila mtu auone. "Alikuja kumbeba kijana wake, nami nikamtoa kwa sababu ya jaketi na kwa sababu ya mambo aliyokwisha kulipia. Ni mtoto niliyemlea kwenye mlango ule. Kumbe na mtu mwingine alipita mbele yangu na bastola, nikaona koti lilivyolala, nikampa karatasi ya ibada kwa kuwa amevaa suti na ananiita Dada."

Minong'ono ilipita kama upepo ndani ya mahindi. "Nani huyo?" "Mtaje!" Hakumtaja. Hakuna aliyemuuliza Shemasi Whitlow, lakini alikuwa amevaa koti lilelile, na watu waliokaa naye benchi moja, mmoja baada ya mwingine, walisogea kidogo. Mama Lorene aliyaona hayo na hayakumfurahisha. Huo nao ulikuwa mkono mwingine juu ya beji.

"Mimi sitaonyesha mtu tena," alisema. "Mkitaka mlango uwe na upekuzi, basi tupekuliwe sote, kuanzia mchungaji mpaka mimi. Hamtaki sote, basi asipekuliwe mmoja kwa jicho langu. Jicho langu nimelipima, lina upande."

Renita alisimama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Mama Lorene, kwa hiyo unaniambia nini? Aliyemuua mwanangu bado anatembea. Nina binti. Anakaa benchi lile pale. Mlango ubaki wazi?"

"Sijui, mama," Mama Lorene alisema. "Nakuapia sijui."

Renita akaketi, akamvuta binti yake karibu. Kilichobaki kiliendelea baadaye kwenye vikao: wengine walitaka mashine ya mlangoni, wengine walisema kanisa siyo uwanja wa ndege, Earline alisema yeye mashine italia kwa ajili ya nyonga yake ya chuma na hataki kuabudu na king'ora. Mpaka leo wanabishana. Mama Lorene hakurudi mlangoni siku ile. Alivua beji, akaiweka kwenye meza ya karatasi za ibada, akaketi benchi la nyuma kama mgeni, akagundua kwamba kutoka pale mtu haoni nyuso za watu, anaona visogo tu, na visogo vyote vinafanana.

*

Theluji ya kwanza ilianguka usiku wa Jumatatu, nzito na kavu. Asubuhi Mama Lorene alitazama nje. Njia yake haikuwa imesafishwa, na hakutegemea. Alivaa viatu vya Otis juu ya soksi mbili, akachukua koleo la kuzolea theluji, akatoka. Yake hakuigusa. Alitembea akizama mpaka magotini, nyumba mbili, akaanza pale penye sanduku la barua la Delvin.

Mikono ya mwanamke wa umri wake siyo ya koleo. Alichota kidogokidogo, akapumzika, akachota. Gari la kijivu lilikuja, nesi akashuka na mkoba wake na viatu vyake vyeupe, akapita kwenye kipande kilichosafishwa. "Mungu akubariki, Mama," alisema. Mama Lorene aliinamisha kichwa, akachota tena. Nesi aliingia, baadaye akatoka, akaondoka.

Alipofika ngazi ya mwisho chini ya mlango, pazia lilisogea. Kisha mlango ukafunguka. Delvin alisimama hapo amejifunga blanketi, uso umechoka kwa maumivu ya kidonda kilichotoka kusafishwa. Alitazama njia yote mpaka barabarani, akamtazama yeye, viatu vya mume wake, jasho lililoganda nyusini.

Mama Lorene aliegemeza koleo, akainua mguu kupanda.

Delvin aliutoa mkono wa kulia ndani ya blanketi. Akauinua mbele ya kifua, kiganja kikamtazama, vidole juu, vimeungana sawasawa, wima kama alivyofundishwa utotoni.

Mama Lorene alirudisha mguu chini. Akaweka mkono wake mmoja nyuma ya mgongo, akasimama palepale kwenye theluji, akangoja.